Kidonge cha Usiku Si Dawa ya Wazimu

"Mama yenu amepewa dawa ya wazimu. Mnajua hivyo?"

Jirani yetu aliniambia maneno hayo tukiwa tumesimama kando ya barabara kuu ya kwenda Nanyuki, hapa Chaka, siku ya soko, kila mmoja na mfuko wake wa viazi miguuni. Hakuwa na nia mbaya. Mwanawe alikuwa amelitafuta jina la kile kidonge kwenye simu, amitriptilini, akakuta imeandikwa kwamba ni cha kutibu sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu kitandani. Alidhani kliniki imekosea. Akaja kutuonya mapema, kama jirani mwema anavyopaswa kufanya.

Mama hakuwa na sonona. Alikwenda kliniki kwa sababu ya miguu. Kisukari kilikuwa kimekaa naye zaidi ya miaka kumi, na sasa kila usiku nyayo zilikuwa zinawaka kana kwamba amekanyaga majivu yenye makaa. Shuka ikigusa vidole anashtuka. Mchana anasema kuna sisimizi ndani ya soksi. Alirudi na bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: kimoja, usiku. Basi. Akameza siku tatu, kinywa kikakauka, asubuhi akaamka mzito kama aliyekesha matangani, miguu ikiwa bado inawaka. Siku ya nne neno la jirani likamfikia. Bahasha ikapandishwa juu ya kabati, na kwa miezi saba iliyofuata mama akawa anachomwa sindano ya diklofenaki katika duka la dawa, mara mbili kwa wiki, pamoja na ile nyingine nyekundu ya vitamini.

Ninaandika kuipinga ile sentensi ya barabarani. Nimeisikia Kiganjo, nimeisikia Karatina, nimeisikia ndani ya matatu ya Naro Moru ikisemwa na mwalimu mstaafu. Imekuwa maoni ya kawaida katika miji hii ya chini ya mlima: kwamba mtu mwenye miguu inayowaka akipewa dawa ya sonona au ya kifafa, ama daktari amekosea, ama amemdharau mgonjwa kwa kuona maumivu yake ni ya kichwani; na kwamba dawa ya kweli ya maumivu ni ile inayochomwa ikaingia mara moja. Maoni hayo si kweli, na yanaumiza watu. Baadhi yao yanawaharibia figo.

Nianze kwa kuwapa haki wanaoyashikilia, kwa sababu hawayashikilii kwa ujinga. Mgonjwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Anaingia, anaonekana kwa dakika chache, anatoka na kidonge ambacho hakuna aliyemweleza ni cha nini. Jina lake likisomwa kwenye simu linaleta habari za akili. Usiku wa kwanza kinamlewesha usingizi. Usiku wa tano maumivu yapo palepale. Kwa upande mwingine kuna sindano: inatolewa na mtu anayekusikiliza, inauma kidogo, na jioni ile unahisi nafuu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angehitimisha alivyohitimisha jirani yetu. Tatizo liko kwenye habari alizokuwa nazo, na aliyepaswa kumpa habari nyingine alinyamaza.

Habari ya kwanza ambayo haisemwi ni kwamba maumivu si kitu kimoja. Ukijikata na panga shambani, ukivunjika mkono, goti likivimba, maumivu hayo yanatoka mahali palipoumia. Nyama au kiungo kinatoa kemikali, neva zinapokea, zinapeleka habari kwenye ubongo. Neva hapo ni mjumbe tu. Lakini sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, inaharibu neva zenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha, ikianza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidoleni. Ndiyo maana ganzi na moto huanzia nyayoni na kupanda taratibu kama soksi. Hapo mjumbe ndiye mgonjwa. Analeta habari za moto ambao haupo.

Sisi watu wa Kieni, Chaka na jirani zake, tunaishi katikati ya misitu miwili, Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili, na hakuna asiyejua uzio wa umeme. Ule wa Nyandarua, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Tawi la mti likilala juu ya waya, umeme unashuka, na mlinzi hana budi kwenda kuangalia kama ndovu ametoka. Anafika na tochi, hakuna ndovu. Hitilafu iko kwenye waya. Basi maumivu ya neva ni hayo: waya umeharibika na unapiga kelele ya ndovu usiku kucha. Na diklofenaki ni dawa ya kumfukuza ndovu.

Diklofenaki, na ndugu zake ibuprofeni na wengine, hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze zile kemikali za uvimbe mahali palipoumia. Kwa goti lililovimba ni dawa nzuri. Kwa neva iliyoharibiwa na sukari hakuna uvimbe wa kuzuia, na ndiyo maana miongozo ya matibabu ya maumivu ya neva haiziweki dawa hizo kwenye orodha ya kuanzia. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2013 mwongozo wa taifa unataja dawa nne za kuanza nazo: amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Mbili zilianza kama dawa za sonona, mbili kama dawa za kifafa. Diklofenaki haimo. Panadoli haimo.

Mtu ataniuliza, mbona basi mama yako alikuwa anapata nafuu baada ya sindano? Kwa sababu maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia sindano siku yakiwa kileleni. Kesho yake yangeshuka hata angechomwa maji. Kwa sababu kuguswa na kusikilizwa kunatuliza. Na kwa sababu mama, kama wazee wengi, ana magoti mabovu pia, na magoti yalipopoa alihisi kwamba miguu yote imepoa. Nafuu ile haikuwa ya uongo, ila haikuwa ya neva, na kabla ya Jumamosi nyayo zilikuwa zinawaka tena.

Bei yake pia haikuwa pesa za sindano peke yake. Figo za mtu mwenye kisukari tayari zinafanya kazi kwa shida. Zile kemikali ambazo diklofenaki inazizuia ndizo pia zinazosaidia kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Sasa fikiria mzee wa kawaida wa hapa kwetu: ana sukari, ana presha, anameza enalapril au losartan, na juu yake dawa ya kukojoza. Mchanganyiko wa hizo mbili na diklofenaki unajulikana duniani kote kuwa unaweza kuziangusha figo. Na anayechoma sindano mara nyingi haulizi mgonjwa anatumia dawa gani nyingine nyumbani. Mama hakuulizwa hata mara moja. Tulipokuja kupima damu baada ya ile miezi saba, kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa imepanda. Siwezi kuapa kwamba ni sindano zilizofanya hivyo, maana kisukari nacho huziharibu figo. Lakini tabibu aliyetuonyesha karatasi ile alisema jambo moja kwanza kabla ya mengine yote: sindano ziishe leo.

Kuhusu ile nyekundu. Vitamini B12 ni dawa halisi kwa mtu aliyepungukiwa B12, na wenye kisukari wanaomeza metformini kwa miaka mingi wako katika hatari ya kupungukiwa, kwa hiyo inafaa wapimwe. Vitamini B6 nayo ina kazi yake inayojulikana: anayetumia izoniazidi kwa kifua kikuu hupewa B6 ili neva zake zisidhurike. Lakini kumchoma kila mwenye ganzi bila kupima chochote, wiki baada ya wiki, ni kubahatisha. Na kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye duka la dawa aliandike ukutani. B6 ikizidi sana inaharibu neva yenyewe. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu saba waliomeza dozi kubwa mno za B6 wakiamini wanajijenga, wakaishia na ganzi na kuyumba wanapotembea. Sindano za huku hazifikii kiwango kile, lakini wazo kwamba vitamini haiwezi kumdhuru mtu lilikufa mwaka ule.

Sasa nirudi kwenye kidonge cha bahasha. Amitriptilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona, hilo ni kweli na simu ya kijana wa jirani haikusema uongo. Ilichoacha kusema ni yaliyofuata. Madaktari waliona wagonjwa wenye maumivu sugu wakipata nafuu kwa dozi ndogo kuliko zile za sonona, na mapema kuliko sonona inavyopoa. Swali lililoulizwa hapo ndilo hasa linaloulizwa Chaka leo: je, kidonge kinapunguza maumivu, au kinamfurahisha mtu tu asiyajali? Mwaka 1982, huko Toronto, Peter Watson na wenzake waliwapa amitriptilini watu 24 waliobaki na maumivu baada ya mkanda wa jeshi. Theluthi mbili walipata nafuu nzuri, na wengi wao hawakuwa na sonona kabisa. Mwaka 1987 Mitchell Max na wenzake huko Marekani wakafanya jaribio kama hilo kwa wenye kisukari. Waliokuwa na sonona walipata nafuu ya maumivu, na wasiokuwa nayo walipata vilevile.

Lakini ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa mwaka 1992, wa Max huyohuyo. Safari hii aliweka fluoksetini kwenye mizani pamoja na amitriptilini na ndugu yake desipramini. Fluoksetini ni dawa ya sonona kamili, imewasaidia mamilioni. Kama nafuu ya miguu inatokana na moyo kuchangamka, basi fluoksetini ingefanya kazi sawa na wenzake. Haikufanya. Kwa wagonjwa wa kisukari kwa ujumla haikuishinda dawa bandia, ilhali zile mbili zilishinda. Maana yake ni nini? Kwamba amitriptilini inapotuliza neva haipiti kwenye huzuni. Kuna njia za neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye uti wa mgongo, kazi yake ni kupunguza sauti ya habari za maumivu zinazopanda, na njia hizo hutumia kemikali iitwayo noradrenalini. Amitriptilini huiacha kemikali hiyo ikae muda mrefu zaidi kazini, na pia hutuliza neva zinazojiwasha ovyo. Fluoksetini inashughulika zaidi na kemikali nyingine, serotonini. Kidonge cha bahasha kinapunguza kelele ya waya.

Dawa kuwa na kazi mbili si kioja. Nenda nyumba yoyote ya wazee hapa Kieni utakuta aspirini ndogo ya miligramu 75, na mzee atakwambia kwa fahari kwamba ni ya moyo. Hakuna anayemcheka kwamba anameza dawa ya kichwa. Kabamazepini ilitengenezwa miaka ya 1950, leo inajulikana kama dawa ya kifafa. Lakini tangu mwaka 1962, daktari wa Sweden aitwaye Blom alipoandika juu yake, imekuwa ndiyo dawa ya kwanza kwa yale maumivu ya uso yanayopiga kama umeme mtu akinawa au akitafuna. Jina tuliloligandisha kwenye dawa ni historia yake tu. Linatueleza iliingilia mlango gani, halituelezi inaweza kuketi wapi.

Na hata kama ingekuwa dawa ya akili peke yake, aibu iko wapi? Ukitaja Mathari ukiwa Nairobi watu wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili na wanacheka. Ukitaja Mathari ukiwa Nyeri tunafikiria hospitali ya misheni ya Consolata, mahali ambapo wengi wetu tulizaliwa, na hakuna anayecheka. Neno ni lilelile, na tumelipa heshima kulingana na tulivyozoea. Mtu mwenye sonona anayemeza kidonge chake anafanya anachofanya mwenye presha. Nimeona watu wakiacha dawa inayowafaa ili tu wasihesabiwe pamoja na wagonjwa wa akili, na nikajiuliza tunawafundisha nini watoto wetu wanaougua akili kweli.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema kidonge hiki ni muujiza. Hakikuponyi neva. Sukari isiposhushwa, uharibifu unaendelea chini kwa chini hata maumivu yakitulia. Wala hakimsaidii kila mtu. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2015 na Nanna Finnerup na wenzake, uliokusanya tafiti 229, ulikadiria kwamba kwa dawa za kundi la amitriptilini inabidi watu kati ya watatu na wanne watibiwe ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo dawa bandia isingempa. Kwa pregabalini inabidi watibiwe karibu wanane. Nafuu hiyo inaonekana ndogo kwa aliyezoea Panadoli na homa, lakini huo ndio ukubwa wa tatizo lenyewe. Tafiti nyingi za amitriptilini pia ni za zamani na zenye watu wachache, na anayezitaja bila kusema hivyo hajawa mkweli. Na kuna wagonjwa ambao haijawafaa: wenye neva zilizoharibiwa na virusi vya Ukimwi, au na stavudini, ile dawa ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998, wenye wagonjwa 250 wa namna hiyo, haukuona amitriptilini ikiishinda dawa bandia. Kwao inabidi kutafuta kwingine, na hata pregabalini ilipojaribiwa kwao ilishindwa.

Madhara yapo pia. Kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, usingizi wa asubuhi. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, au mwenye presha ya jicho, lazima aseme kabla ya kupewa. Dawa hii na pombe havikai pamoja. Vidonge vingi kwa mkupuo vinaua, kwa hiyo vifungiwe mbali na watoto. Na kuna hatari moja ambayo sijaiona imeandikwa kwenye mwongozo wowote lakini kila mwenyeji wa Chaka ataielewa. Kidonge hiki kinashusha presha mtu anaposimama ghafla, na kwetu choo kiko nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, na mwezi wa Julai baridi ya mlimani inakata masikio. Mzee akiinuka saa nane usiku mwenye usingizi wa dawa, na nyayo zisizohisi ardhi, anaanguka. Mwekee ndoo chumbani. Mwambie akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Anayeandika dawa bila kuuliza choo kiko wapi hajamaliza kazi.

Lakini tazama orodha hiyo yote ya madhara: karibu kila kitu ndani yake kinapunguzwa kwa kuanza kidogo na kupanda polepole. Miligramu 10, au 25 kwa mtu mwenye nguvu zake, isubiriwe, ipandishwe baada ya wiki moja au mbili kama inahitajika, na wengi hawavuki 75. Imezwe saa mbili usiku badala ya saa nne, asubuhi inakuwa nyepesi. Kinywa kikauke, maji yawe karibu. Nafuu haihesabiwi kwa siku tatu, inahesabiwa kwa wiki nne hadi sita. Maneno hayo yote yanasemwa kwa dakika mbili. Mama angeambiwa, asingepoteza miezi saba.

Kuna kundi la pili ninalopaswa kulijibu, nalo limesoma kuliko jirani yetu. Hawa wanasema: sawa, diklofenaki si dawa, lakini amitriptilini ni ya maskini, mwenye uwezo anunue pregabalini, ndiyo ya kisasa. Nimewaona watu wakiuza kondoo ili kununua dawa ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa pili wanabaki bila chochote. Jibu lao lilitoka mwaka 2022. Solomon Tesfaye wa Sheffield na wenzake walichukua wagonjwa 130 wa kisukari katika vituo 13 vya Uingereza, wakawapangia njia tatu za kupita kwa zamu: moja inaanza na amitriptilini, moja na duloksetini, moja na pregabalini. Nafuu isipotosha, dawa ya pili inaongezwa juu ya ya kwanza. Maumivu yaliyokuwa na wastani wa 6.6 kwenye kipimo cha 10 yalishuka hadi 3.3, kwa njia zote tatu. Hakuna iliyoishinda nyingine kwa nafuu. Zilitofautiana kwa madhara: amitriptilini ilikausha vinywa zaidi, pregabalini iliwapa watu kizunguzungu, duloksetini ikawapa kichefuchefu. Basi sababu ya kuchagua moja ni mwili wa mgonjwa na mfuko wake. Mwenye tezi dume au moyo mbovu apewe nyingine, na hapo pesa ya pregabalini au duloksetini ni pesa halali. Lakini hata hizo si salama kwa sababu ya ughali wake. Gabapentini na pregabalini lazima zipunguzwe kwa mwenye figo dhaifu, na Uingereza imeziweka kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu Aprili 2019 kwa sababu watu walizigeuza za kulevya na wengine walikufa.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba jambo hili linatokea Nyeri, kaunti yetu. Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Nyeri haikuchaguliwa kwa uzuri wa mlima wake. Ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari na presha yakiwa mbele. Kaunti iliyochaguliwa kwa sababu hiyo mbele ya taifa ingetakiwa kuwa mahali ambapo kila mwenye kisukari anajua maana ya nyayo kuwaka. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mifuko yenye kipimo cha sukari na cha presha, na wanafika hadi malangoni mwetu. Hilo ni jambo kubwa na nalishukuru. Sasa wakishapima sukari, wamwambie mama avue soksi. Wamuulize, usiku miguu inakuwaje? Kwa sababu mguu unaowaka leo ndio mguu unaokuwa na ganzi kesho, na mguu wenye ganzi ndio ule unaowekwa karibu na jiko mwezi wa Julai ukaungua bila mwenyewe kujua.

Wenye maduka ya dawa nao. Najua mnaishi kwa mnachouza, na najua mteja akija analia anataka sindano. Lakini muulizeni swali moja tu: una sukari? Akisema ndiyo, na maumivu ni ya moto au ya kuchomachoma kwenye nyayo zote mbili, mrudisheni kliniki. Na akisema ana presha pia, msimchome kabisa diklofenaki.

Na nyinyi mnaoandika dawa, semeni. Semeni kwa Kiswahili, semeni kwa Kikuyu, semeni kwa ishara mkipenda: "Mama, jina la dawa hii ukilitafuta utaambiwa ni ya sonona. Sijakupa kwa sonona. Nimekupa kwa neva za miguu. Itakukausha kinywa, itachukua wiki kadhaa, usiiache bila kuniambia." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo hatatishwa na simu ya mtu.

Wewe unayesoma, kama kuna bahasha juu ya kabati nyumbani kwenu, usimpe mzee tena kimyakimya wala usiitupe. Ichukue, nenda naye hadi kliniki ile iliyoiandika au nyingine, uliza dozi, taja kila dawa anayotumia, taja moyo, taja mkojo, taja figo. Mama yetu alirudia kidonge chake mwezi wa Machi, nusu ya kile cha kwanza, saa mbili usiku, ndoo ikiwa karibu na kitanda. Wiki ya tatu alisema moto umepungua, haujaisha. Sindano hajachomwa tena, na shuka anajifunika mpaka vidoleni.